Fonti za serifu za vichwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaotumia fonti za serifu (zenye vijiguu vidogo kwenye ncha za mistari ya herufi) zenye umbo la fahari kwenye majalada, mabango, nembo na vichwa vya kurasa, na kwa wanaotaka kuchora yao. Maneno matatu yatajirudia: shina ni mstari mnene wa herufi, uzi ni mstari mwembamba kabisa, na yuniti ni kipimo cha ndani ya faili la fonti. Vipimo vyote hapa vinachukulia kwamba kimo cha fonti kimegawanywa katika yuniti 1000.

## Misingi

1. Fonti ya serifu ya vichwa ina tofauti gani na fonti ya serifu ya kawaida?

Tofauti kubwa ni pengo kati ya shina na uzi. Fonti ya matini, ile ya aya ndefu, huwa na shina la yuniti 80 hivi na uzi wa 35 hadi 45. Fonti ya vichwa inaweza kuwa na shina la 100 au zaidi na uzi wa 20, pengine chini ya hapo. Nafasi kati ya herufi zake zimebanwa, serifu zake ni kali, na vipambo kama mkia wa Q au tone la a vimechorwa kwa uhuru zaidi.

Sifa hizo ndizo zinazoipa haiba ikiwa kubwa, na ndizo zinazoivunja ikiwa ndogo. Matatizo mengi yanayoelezwa hapa chini yana chanzo hicho kimoja: uzi umeshushwa chini ya unene ambao skrini au karatasi inaweza kuubeba.

2. Kwa nini baadhi ya mistari ni minene na mingine myembamba? Nani aliamua?

Kalamu iliamua. Kalamu yenye ncha pana, ikishikwa kwa pembe moja, hutoa mstari mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na sehemu nene ya O huinama kidogo kushoto. Fonti za Nicolas Jenson wa Venice (1470) na za Claude Garamond wa Paris katika karne ya 16 zimefuata mkono huo. Kalamu yenye ncha kali inayopanuka ikikandamizwa hufanya kazi tofauti: mstari hunenepa mkono unaposhuka na hukonda unapopanda au kwenda pembeni. O yake husimama wima.

John Baskerville wa Birmingham alisogea upande huo miaka ya 1750, akatumia karatasi laini na wino mweusi zaidi ili maelezo madogo yaonekane. Firmin Didot huko Paris na Giambattista Bodoni huko Parma wakaufikisha ukingoni kuelekea mwisho wa karne ya 18: mashina wima, serifu bapa zilizo nyembamba kama uzi, mabadiliko ya ghafla kutoka unene hadi wembamba. Ukiwa na shaka kama mstari fulani wa herufi unapaswa kuwa mnene, chukua kalamu uuandike. Katika A, V na W mstari unaoshuka kuelekea kulia ndio mnene. Katika N ni mshazari ndio mnene, na miguu miwili ya wima ni nyembamba.

3. Nianze na fonti zipi za bure?

Zifuatazo zina leseni huria ya SIL Open Font License, na kila moja ina tabia yake. Playfair Display ya Claus Eggert Sørensen ina uzi usio mwembamba mno na herufi ndogo zenye kimo kizuri, kwa hiyo inasamehe makosa ya anayeanza. Cormorant ya Christian Thalmann inatoka katika ukoo wa Garamond. Ni nyepesi, herufi ndogo zake ni fupi, na inahitaji ukubwa zaidi kuliko unavyodhani. Bodoni Moda na Fraunces zina mhimili wa ukubwa wa macho (swali la 19). DM Serif Display ina uzito (kiwango cha unene wa herufi) mmoja tu pamoja na italiki yake, yaani herufi za mlazo, na Abril Fatface ina uzito mmoja bila italiki. Hizo mbili za mwisho usiziombe zaidi ya kilichomo. Sababu iko katika swali la 8.

## Kuitumia kwenye ukurasa

4. Ukubwa wa chini kabisa ni upi?

Usikisie, piga hesabu: ukubwa wa herufi × unene wa uzi ÷ 1000. Kwa uzi wa yuniti 20, pointi 12 zinakupa mstari wa pointi 0.24, yaani milimita 0.085. Pointi 24 zinakupa milimita 0.17, pointi 48 milimita 0.34, na pointi 72 milimita 0.51. Kwenye skrini, fonti hiyohiyo katika pikseli 16 ina uzi wa pikseli 0.32, na inahitaji pikseli 50 ili uzi ufikie pikseli moja kamili. Skrini yenye msongamano maradufu hufika hapo kwa pikseli 25.

Unene wa uzi utaupata kwa kufungua faili katika programu ya kuchora fonti, au kwa kubadilisha herufi H kuwa mchoro katika pointi 1000 na kupima mstari wake wa katikati. Kwa kawaida pointi 24 kwenye karatasi na pikseli 32 kwenye skrini ndio mpaka wa chini wa busara. Chini ya hapo tafuta toleo la matini la fonti hiyo.

5. Naweza kuandika aya nzima kwa fonti hii?

Hapana. Mashina meusi husimama kama safu ya nguzo, nyuzi hupotea katikati yake, na macho huchoka baada ya mistari michache. Utangulizi wa sentensi mbili katika pointi 24 na zaidi unavumilika.

6. Nirekebishe vipi nafasi kati ya herufi na kati ya mistari?

Kwa herufi ndogo katika ukubwa wa pointi 60 na zaidi, punguza nafasi kwa asilimia 1 hadi 2, na uache mara tu serifu za herufi jirani zinapokaribia kugusana. Serifu mbili za uzi zikigusana kwa bahati mbaya huonekana kama doa. Ikiwa unalazimika kushuka chini ya pointi 30, ongeza asilimia 1 badala ya kupunguza. Maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu yanahitaji kuongezewa asilimia 3 hadi 8, maana herufi kubwa zimepangiwa kukaa kando ya herufi ndogo.

Nafasi kati ya mistari ya kichwa ni asilimia 95 hadi 115 ya ukubwa wa herufi. Angalia mahali mkia wa g, j, p au y unaposhuka juu ya kichwa cha b, d, k au l cha mstari wa chini. Vikigongana, kubadilisha mahali pa kukata mstari ni dawa bora kuliko kuachanisha mistari yote.

7. Nioanishe na fonti gani kwa maandishi ya aya?

Oanisha na fonti tulivu. Fonti isiyo na serifu yenye mistari ya unene unaolingana, au fonti ya serifu ya matini yenye pengo dogo kati ya shina na uzi, zote zinafaa. Kosa linalorudiwa ni kuweka pamoja fonti mbili zenye fahari: kila moja hudai kuangaliwa, na ukurasa hukosa mahali pa kupumzika. Linganisha pia ukoo. Fonti ya wima mithili ya Bodoni hukaa vizuri na fonti ya kijiometri. Fonti yenye asili ya kalamu pana hupatana na fonti zenye umbo la mwandiko wa mkono.

8. Nimebonyeza kitufe cha herufi nzito (au cha mlazo) na fonti imeharibika. Kwa nini?

Kwa sababu faili la uzito huo au la italiki halipo, na programu imejitengenezea. Ili kupata herufi nzito ya bandia huongeza unene pande zote: uzi unaweza kunenepa maradufu huku shina likiongezeka kidogo, na lile pengo ulilolitaka limetoweka. Katika fonti nzito ya kweli shina linaweza kutoka 100 hadi 170 wakati uzi unaongezeka yuniti chache tu. Mlazo wa bandia nao huinamisha herufi za wima bila kuzichora upya. Italiki halisi ina a ya tumbo moja, mara nyingi f inayoshuka chini ya mstari, na matumbo yaliyobanwa.

Kwenye tovuti weka `font-synthesis: none` ili kosa lionekane mapema. Katika kazi za karatasi, fungua orodha ya mitindo ya fonti uchague mtindo kwa jina lake.

9. Kwa nini tarakimu zangu zinapanda na kushuka?

Hizo ni tarakimu za mtindo wa kale, zilizochorwa kukaa na herufi ndogo: 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka, 6 na 8 hupanda. Ndani ya sentensi zinapendeza. Kando ya herufi kubwa, kama kwenye tarehe ya jalada, huonekana zimedondoka. Washa kipengele cha OpenType (muundo wa faili la fonti) cha `lnum` upate tarakimu za kimo kimoja, au `onum` kurudi kwenye za kale. Kwa orodha ya bei ongeza `tnum` ili tarakimu zote ziwe na upana sawa na safu zinyooke.

10. Ligatura na mikia ya mapambo nizitumie wakati gani?

Ligatura ni herufi mbili au zaidi zilizounganishwa kuwa mchoro mmoja. Za kawaida (`liga`) ziache zikiwa zimewashwa. Kazi yake ni kuzuia pua ya f isigonge nukta ya i, na katika Kiswahili mfuatano huo uko kila mahali: fimbo, afisa, safiri. Ligatura za hiari (`dlig`) ni mapambo. Ile ya ct haitatokea kabisa katika maneno ya Kiswahili, lakini ya Th, fonti ikiwa nayo, hukaa vizuri kwenye Thamani au Thabiti.

Mikia (`swsh`) ina kanuni moja tu ya kushikwa: mmoja kwa kila kundi la maneno, mahali penye nafasi tupu ya kuupokea, hasa mwanzo au mwisho wa mstari. Mikia miwili inayotazamana tayari ni ugomvi. Na ukiongeza nafasi kati ya herufi, zima ligatura zote, la sivyo fi itabaki imeshikana huku herufi nyingine zikiachana.

## Kupanga Kiswahili kwa fonti hizi

11. Alama katika ng’ inakaa vibaya. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha alama yenyewe ni sahihi. Inayotakiwa ni ’ (U+2019), iliyojipinda kama 9 ndogo. Alama iliyonyooka ya kibodi (') haina unene na wembamba wa fonti, na katika pointi 80 huonekana kama msumari. Iliyopinda upande wa pili (‘) ni kosa, na huingia maandishi yanapobadilishwa kwa pupa. Katika HTML andika `’`.

Tatizo la pili ni pengo. Alama inakaa juu, chini yake hakuna kitu, kwa hiyo ng’ombe hugawanyika kama maneno mawili. Wachoraji wengi wa fonti wamepanga alama hii kwa ajili ya jozi za Kiingereza kama ’s na ’t, na jozi za g’o, g’a na g’e hawakuzigusa. Punguza kwa mkono nafasi pande zote mbili za alama, upande wa kulia zaidi kuliko wa kushoto, hadi pengo kati ya g na vokali likaribiane na pengo kati ya n na g. Usiifikishe alama juu ya sikio la g. Zikigusana, utakuwa umebadilisha tatizo moja kwa jingine.

12. Maneno marefu ya Kiswahili hayaenei kwenye kichwa. Nikate wapi?

Katika kichwa kikubwa, afadhali usikate neno kabisa. Punguza ukubwa, chagua fonti nyembamba zaidi ya ukoo uleule, au panga mistari upya. Kistari cha kukatia katika ukubwa huo hujitokeza kuliko neno lenyewe.

Ukilazimika, kata baada ya vokali, na usitenganishe ng’, ny, ch, sh, th, dh wala gh: wana-ofundisha sawa, wanaofun-disha si sawa, kwa sababu nd huanza silabi inayofuata. Jambo linalosahaulika zaidi ni viunganishi. Ya, wa, za, na, kwa na kwenye zisiachwe zikining’inia mwisho wa mstari. Zishuke pamoja na neno linalofuata. «Nguvu / ya umoja» husomeka vizuri kuliko «Nguvu ya / umoja». Weka nafasi isiyovunjika (U+00A0) baada ya neno hilo dogo. Kwenye tovuti, `text-wrap: balance` husawazisha mistari lakini haijui sarufi, kwa hiyo nafasi hiyo bado inahitajika.

## Skrini, karatasi na vitu vingine

13. Kwenye simu yangu fonti inapendeza, kwenye kompyuta nyuzi zimepotea.

Skrini ya simu ina pikseli nyingi zaidi kwa kila sentimita. Uzi wa chini ya pikseli moja huchorwa kwa rangi hafifu: theluthi moja ya pikseli huonekana kama kijivu chepesi, na macho huona E kama vipande vya wima vilivyoachana. Jaribu kwenye skrini ya kawaida ya msongamano mmoja kabla ya kuamua, kwa sababu macOS na Windows pia hazichori fonti kwa namna moja.

Tiba, kwa mpangilio wa nguvu: ongeza ukubwa, tumia toleo lenye mhimili wa ukubwa wa macho, chagua uzito unaofuata, acha rangi ya kijivu kwenye maandishi. Rangi hafifu juu ya uzi uliokwisha kufifia ni hasara mara mbili.

14. Nawekaje fonti kwenye tovuti bila kuichelewesha?

Tumia faili za WOFF2, uzito mmoja au miwili tu, na uondoe glifu (michoro ya herufi na alama) za mifumo ya maandishi usiyoitumia. Usiziondoe ’ “ ” – na — kwa bahati mbaya. Weka `font-display: swap` ili kichwa kisomeke kwa fonti mbadala wakati faili linapakuliwa, kisha tumia `size-adjust` kwenye fonti mbadala ili mistari isiruke fonti ya kweli inapofika. Weka pia `lang="sw"` kwenye ukurasa.

15. Mchapaji amerudisha kazi na nyuzi zimekatika. Kosa liko wapi?

Kuna sababu tatu zinazotokea mara nyingi. Ya kwanza ni rangi iliyochanganywa. Rangi ya asilimia 60 haichapwi kama wino mzima, bali kama vitone, na uzi mwembamba kuliko mpangilio wa vitone hugeuka nukta nukta. Tumia wino mmoja kwa asilimia 100. Ya pili ni weusi uliotengenezwa kwa wino nne: bamba likisogea kidogo tu, uzi huzungukwa na kivuli cha rangi. Andika kwa weusi mtupu.

Ya tatu ni maandishi meupe juu ya rangi nzito. Hapo wino husambaa kuingia ndani ya herufi na kuzifunga nyuzi, hasa kwenye karatasi isiyopakwa. Panga uzi usiopungua pointi 0.5, maana yake pointi 25 kwa uzi wa yuniti 20, na uongeze hadi 36 au zaidi karatasi ikiwa ya kunyonya.

16. Je, kupiga muhuri wa dhahabu, kukata vinili au kudarizi?

Muulize fundi unene mdogo kabisa anaoweza kuuhakikishia, kisha geuza hesabu ya swali la 4: unene huo × 1000 ÷ yuniti za uzi. Fundi wa kudarizi akikwambia milimita 1, fonti yenye uzi wa 20 inahitaji ukubwa wa milimita 50, karibu pointi 142. Ikiwa nafasi haitoshi, badili fonti. Kuongeza mstari wa nje kuzunguka herufi kunarudisha kasoro ya swali la 8.

## Kuchora fonti yako

17. Nianze na herufi zipi na vipimo vipi?

Anza na n, o, H na O. Hizo nne zinaamua unene, upana, nafasi na mkazo wa herufi zote nyingine. Usiongeze ya tano mpaka hizo zikae pamoja vizuri kwenye karatasi iliyochapwa. Kisha ongeza a, d, e, h, i, p na s, ambazo tayari zinakupa maneno ya kujaribia.

Vipimo vya kuanzia: herufi kubwa yuniti 700, herufi ndogo 450, mikia ya chini −250, shina la H 105, shina la n 92, uzi 20. Sehemu nene ya O ifanye 112, kwa sababu mviringo wa unene sawa na shina huonekana mwembamba. O pia ipite mstari wa juu na wa chini kwa yuniti 10 hadi 14. Isipopita itaonekana fupi kuliko H ingawa rula inakataa.

Weka nukta za mchoro kwenye vilele vya mviringo, na mikono yake (vishikio vya kupindia mstari) ielekee wima au mlalo kamili. Mahali serifu inapokutana na shina, mviringo mdogo wa yuniti 4 hadi 8 unastahili kuwekwa hata katika fonti ya mtindo wa Didot. Jicho haliuoni, lakini huizuia serifu isionekane imebandikwa.

18. Nafasi na jozi za herufi: kipi kwanza?

Nafasi kwanza, siku zote. Chapa nnnn na urekebishe hadi mwanga kati ya mashina ukaribiane na mwanga wa ndani ya n, ukiwa umebana kidogo. Kisha nnonoo: upande wa o, ukipimwa kutoka kwenye mviringo, huhitaji takribani nusu ya nafasi ya upande wa shina. Rudia kwa HHOHOO, halafu ingiza kila herufi katikati ya nn na oo. Ikiwa unajikuta na mamia ya jozi za kusahihisha, nafasi za msingi ndizo zilizokosewa.

Jozi huja baadaye, na orodha zinazozunguka zimejengwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ongeza Wa, Ya, Ta, Vy, Fa, Ka na Kw, na kwa herufi ndogo wa, ya, ka, kw, vy na fy, pamoja na jozi za swali la 11. Marekebisho ya yuniti −40 hadi −110 ni ya kawaida kwa T, V, W na Y mbele ya herufi ndogo. Jaribu kwa maneno halisi: Watu, Vyama, Taifa, Fahari, Yakini, Kwaya.

19. Mhimili wa ukubwa wa macho ni nini, na ninahitaji?

Enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi kila ukubwa ulichongwa peke yake: ndogo zilipewa uzi mnene, nafasi pana na herufi ndogo ndefu zaidi. Fonti geuzi (faili moja ambalo umbo la herufi zake hubadilika kwa kusogeza mhimili) hurudisha hekima hiyo kwa mhimili wa `opsz`. Katika Bodoni Moda unaenda kutoka 6 hadi 96, katika Fraunces kutoka 9 hadi 144. Kivinjari huuchagua chenyewe kupitia `font-optical-sizing: auto`, katika baadhi ya programu za usanifu lazima uusogeze kwa mkono.

Ukichora, unahitaji angalau michoro miwili: ya vichwa na ya matini. Kila glifu iwe na idadi ileile ya nukta, kwa mpangilio na mwelekeo uleule, vinginevyo programu haitaweza kupata umbo la kati. Kwa fonti yako ya kwanza mchoro wa vichwa pekee unatosha, mradi useme wazi ukubwa wake wa chini.

## Leseni

20. Naweza kutumia fonti huria kwenye nembo ya biashara, au kuibadilisha?

Ndiyo kwa yote mawili. Leseni ya SIL inaruhusu matumizi ya biashara, kupachika ndani ya hati na kurekebisha. Hairuhusu kuuza faili la fonti peke yake. Ukisambaza toleo lako, lazima libaki chini ya leseni hiyohiyo, na ikiwa mwenye fonti amehifadhi jina, toleo lako lipewe jina jingine.

21. Na fonti niliyoinunua?

Soma leseni yake kwa kila aina ya matumizi: kompyuta, tovuti, programu ya simu na kitabu cha kielektroniki huuzwa mara nyingi kama leseni tofauti, na ya tovuti inaweza kuwa na kikomo cha idadi ya watazamaji wa kurasa. Kurekebisha faili lenyewe mara nyingi hakuruhusiwi hata kama umelilipia. Kwa nembo, badilisha maandishi kuwa mchoro, kisha rekebisha mchoro huo, baada ya kuhakikisha leseni inaruhusu hivyo. Mchapaji mpelekee PDF yenye fonti iliyopachikwa au mchoro, si faili la fonti.